Raha na Damu: Uhakiki wa *These Old Shades* ya Georgette Heyer

Utangulizi

Mnamo mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu hapo, uhakiki wa Afrika Mashariki umekuwa na mazoea ya kuiuliza kila kazi ya fasihi swali moja: inaihudumia jamii gani, na kwa masilahi ya nani? Swali hilo limezaa matunda mengi. Hata hivyo, limeacha pengo. Kazi zinazosomwa kwa ajili ya starehe, ambazo kwa kawaida huitwa fasihi pendwa, ama hupuuzwa ama hulaaniwa kwa sentensi moja. Vitabu vya David Maillu vya miaka ya 1970, kwa mfano, vilisomwa na watu wengi huku wahakiki wengi wakividharau. Dharau hiyo haikueleza kwa nini vilipendwa.

Makala haya yanachunguza mfano wa mbali, ili hoja isichanganywe na ugomvi wa nyumbani: riwaya ya Mwingereza Georgette Heyer (1902–1974), *These Old Shades*, iliyotolewa mwaka 1926. Hii ni riwaya ya mahaba ya kihistoria, nyepesi, yenye kuchekesha na isiyosadikika hata kidogo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba raha ya msomaji haiuzuii uhakiki. Anayeikubali raha hiyo ndiye anayeweza kubainisha dosari ipi inastahili kusamehewa na ipi haistahili.

Msuko na sadfa

Hadithi inaanzia Paris, katika miaka ya 1750, enzi ya Mfalme Louis wa Kumi na Tano. Usiku mmoja, Justin Alastair, Duke wa Avon, mwinyi wa Kiingereza mwenye sifa mbaya, anagongana kichochoroni na kijana mwenye nywele nyekundu anayemkimbia kaka yake mkatili, mwenye kilabu cha pombe. Avon anamnunua kijana huyo papo hapo kwa kito cha thamani, na kumfanya mtumishi wake. Baadaye inadhihirika kwamba Léon ni Léonie, msichana anayekaribia umri wa miaka ishirini. Isitoshe, ni binti wa halali wa Comte de Saint-Vire, adui mkubwa wa Avon. Saint-Vire alimbadilisha mchangani na mtoto wa kiume wa wakulima ili asikose mrithi, na ili urithi usimwendee ndugu yake Armand.

Ni nani awezaye kuyaamini haya? Msichana anaishi miaka mingi kilabuni katika mavazi ya kiume bila kutambuliwa. Katika Paris nzima, mtu wa kwanza kugongana naye ni yule mmoja mwenye sababu ya kuzitambua nywele nyekundu na nyusi nyeusi za ukoo wa Saint-Vire. Baadaye Saint-Vire anamteka nyara kutoka Uingereza na kumvusha bahari. Rupert, mdogo wake Avon, anawafuata bila kofia, juu ya farasi asiyekuwa wake, na kumwokoa kwa bahati zaidi kuliko akili. Kwa vigezo vya uhalisia, msuko huu hauna pa kusimama.

Lakini vigezo hivyo si vya pekee. Katika *Poetika*, Aristotle anaeleza kwamba mtunzi heri achague jambo lisilowezekana lakini linaloshawishi kuliko linalowezekana lakini lisiloshawishi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Ugiriki kulijua hilo. Mtambaji asemapo “Paukwa!” na hadhira ikajibu “Pakawa!”, mkataba umekwisha kufungwa, na hakuna atakayedai ushahidi. Shaaban Robert naye, katika *Kusadikika* (1951), aliijenga nchi nzima angani, kisha akaipa jina linaloudhihaki usadikifu wenyewe. Kwa hiyo kutosadikika ni chombo tu, nacho hupimwa kwa kazi kilichofanya.

Katika riwaya ya Heyer, chombo hiki kinafanya kazi ya kuleta kicheko. Rupert analalamikia magwanda yake huku risasi imo begani. Léonie anatamani kuwatoboa maadui kwa upanga, na anakasirika anapolazimishwa kuvaa gauni. Avon anajua kila kitu kabla hakijatokea, na masahibu wake wanamcheka kwa sababu hiyo. Hata kilele cha riwaya ni utambaji. Katika baraza ya Madame du Deffand, mbele ya wakuu wa Paris, Avon anasimulia kisa kana kwamba ni ngano, huku Saint-Vire akisikiliza maisha yake mwenyewe yakitambwa hadi anapojipiga risasi. Silaha kuu ya Avon ni masimulizi. Mwandishi anayefahamu nguvu ya hadithi kiasi hicho hawezi kudhaniwa kwamba alishindwa kuona udhaifu wa sadfa zake. Ni Heyer huyuhuyu aliyeandika, mwaka 1937, *An Infamous Army*, ambamo vita vya Waterloo vya mwaka 1815 vimesawiriwa kwa uchunguzi wa kina.

Mipaka ya kicheko

Ikiwa sadfa zimesamehewa kwa sababu riwaya yenyewe inazicheka, inafaa kuuliza: ni jambo gani ambalo riwaya hii hailicheki kamwe? Jibu ni damu. Léonie amelelewa kijijini na kisha kilabuni, lakini madaha, ujasiri na kiburi chake vinaelezwa kuwa ni asili ya ukoo. Kwa upande wa pili, kijana Henri, aliyekulia katika jumba la Saint-Vire akiwa na walimu na watumishi, hana hamu ila ya kumiliki shamba na kulima. Damu ya ukulima, inadaiwa, haifichiki chini ya hariri. Hapa mizaha inakoma. Avon, anayedhihaki kila kitu, analinena hili kama sheria ya maumbile.

La kustaajabisha ni kwamba riwaya yenyewe ina ushahidi wa kulipinga dai hili. Léonie alifunzwa utotoni na kasisi msomi wa kijiji chake. Lugha yake safi na adabu yake zina mwalimu. Anapoambiwa na Saint-Vire kwamba yeye ni mwanaharamu, anamkimbilia kasisi huyo, wala haendi kwa mwinyi yeyote. Matini inajua malezi yalifanya nini, lakini inaipa damu sifa zote. Isitoshe, kufikia siku ya ndoa nasaba yake imekwisha kuthibitishwa hadharani. Kwa hiyo riwaya haimlazimishi Avon kuonyesha kwa kitendo kama angemwoa dada wa mwenye kilabu.

Kuna jambo la pili. Avon alimnunua Léonie, na kwa muda mrefu anamtumia kama silaha ya kulipiza kisasi cha miaka ishirini. Ana umri wa takriban mara mbili ya wake, na ni mlezi wake. Riwaya inaligeuza tendo la kununua kuwa utani wa wapendanao. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hawezi kuupokea utani huo kwa wepesi uleule. Katika miaka hiyohiyo ya 1750, Ufaransa ya Louis wa Kumi na Tano ilikuwa ikivuna sukari ya Saint-Domingue kwa jasho la Waafrika walionunuliwa. Katika riwaya, habari hizo hazimo. Kinachoonekana ni hariri, marashi na mishumaa.

Hitimisho

Je, raha ifutwe? Makala haya yanajibu kwamba hapana. Kicheko cha Heyer ni cha kweli, na anayekikana kwa sababu ya itikadi atakuwa ameikana sehemu iliyo bora ya kazi hii. Lakini kicheko hichohicho kinamfaa mhakiki kama kipimo. Palipo na mzaha, riwaya inajijua na inamwacha msomaji huru. Unapokoma mzaha ghafla, ndipo itikadi ilipojificha. Mhakiki anayelaani kitabu kizima tangu ukurasa wa kwanza hawezi kuisikia sauti ikibadilika, kwa kuwa hakuwahi kucheka. Fasihi pendwa ya Kiswahili na ya Kenya kwa jumla inastahili usomaji wa namna hiyo: usomaji unaokubali kwanza kufurahi, kisha ukauliza furaha hiyo imelipiwa na nani.