Viatu Viingie Kwenye Picha

Mpeleke mwanafunzi wa upigaji picha kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani, umwagize habari ya uhamiaji. Atatafuta pa kupanda, aelekeze lenzi chini kwa umati unaoshuka feri, arudi na migongo na mizigo. Picha safi, ila mtu hamna.

Hapo hapo Likoni, miaka ya 1980 na 1990, kulikuwa na mafundi wa vibanda vya picha vya kando ya barabara. Filamu ya rangi ilikuwa imeenea, na maabara za mjini ziliosha haraka. Wengi wao walikuwa wabara waliofuata kazi Mombasa, na wateja wao vivyo hivyo. Mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, aliwachunguza kwa kina.

Kibandani palitundikwa pazia lililochorwa meli, ndege au majumba marefu, na maua ya plastiki pembeni. Mteja alijichagulia mkao. Fundi alirudi nyuma mpaka viatu viingie, na viatu, kwa mama anayesubiri barua kijijini, ni nusu ya habari. Mwenye sura ndiye aliyelipa, na ndiye aliyeamua picha iende kwa nani.

Wapo wanaosema ule ni uongo: kibarua kujisimamisha kama abiria wa ndege! Mimi sioni hivyo. Pazia halimdanganyi mtu, rangi yake inaonekana. Linaonyesha anachokitamani mhamiaji, na migongo haiwezi kusema hilo. Udhaifu wake ni mwingine. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, kisha wabara wakaandamwa, wengi wa mafundi hao nao walikuwa wabara. Habari hiyo haikuwa na nafasi mbele ya meli ya kuchorwa. Ilihitaji kamera ya aina nyingine.

Kwa hiyo ningefundisha kwa mpangilio huu. Picha ya kwanza iwe ile ambayo mwenyewe angeituma kwao: isafishwe, apewe mkononi, aulizwe iandikwe nini chini yake. Ya gazeti iombwe baadaye. Swali la maandishi si dogo. Miongoni mwa waliokimbia vita vya Somalia mwaka 1991 wakaingia Mombasa walikuwamo Wabarawa, wasemaji wa Chimwiini, lahaja ya Kiswahili. Ukiandika "wakimbizi wa Kisomali" ukaishia hapo, msomaji wa Mji wa Kale wa Mombasa hatajua kwamba anatazama watu wa lugha yake.

Mji wa Kale wenyewe ndio mtihani mgumu zaidi. Bibi harusi anaweza kukubali kupigwa picha na bado asikubali ionwe na wanaume wasio wake. Ridhaa ya kupigwa ni moja, ya kuonwa ni nyingine, na fomu nyingi za ridhaa huzichanganya. Mwanafunzi atakayeuliza zote mbili, akanyimwa ya pili, akamwachia mama wa watu picha yake na kurudi darasani mikono mitupu, nitampa alama zote.