Vita vya Tabora na Mirambo, 1288 H: Ilikuwa Jihadi?

Wapo miongoni mwetu wanaovisimulia vita vya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Mirambo kuwa ni jihadi, Waislamu upande huu na makafiri upande ule. Wengine huchukua habari zote kwa Stanley na kumwita Mirambo mnyang'anyi. Kauli zote mbili zina kasoro, na ya kwanza inatuhusu zaidi kwa kuwa inaisemea dini.

Tuanze na msimulizi. Stanley alifika Kwihara Juni 1871 akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, njia yake ya kwenda Ujiji ikiwa imefungwa. Alishika bunduki akaenda vitani pamoja na Waarabu. Kwa kipimo cha wanachuoni wa hadithi, huyu ni shahidi mwenye maslahi katika kesi. Aprili 1876 alikutana na Mirambo huyo huyo, wakachanjiana udugu, na kalamu ikageuka kumsifu. Basi tukio alilolishuhudia tunalipokea. Hukumu yake juu ya mtu tunaiacha.

Tukio lenyewe, kwa mujibu wake, ni hili. Mirambo aliuzuia msafara wa Waarabu, akadai vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Akapewa. Kisha akawaambia warudi walikotoka. Tabora wakakaa shauri, na Khamis bin Abdallah akawa mbele kutaka vita. Jeshi lililokusanyika Mfuto lilipita watu elfu mbili, na tarehe 4 Agosti 1871 likaiteka Zimbizo.

Sasa tuingie katika fiqhi. Wafanyabiashara wale walikaa Unyamwezi kwa idhini ya watemi na kulipa hongo, maana yake walikuwa katika amani ya wenyeji. Imam Shafi katika Al-Umm amebainisha kuwa Mwislamu aliyeingia nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani hana ruhusa ya kuwafanyia hiana katika mali zao. Atakayejibu kwamba Mirambo ndiye aliyeanza kuvunja, jibu lake lina uzito, nasi hatulipuuzi: kula hongo ya mtu kisha kumfungia njia ni dhulma. Lakini dhulma ya marobota matano humpa mtu haki ya kudai marobota matano. Surat Al-Anfal, aya ya 58, inaelekeza kumrudishia mhaini ahadi yake waziwazi. Haikuhalalisha mateka na mali za watu wa vijiji ambao hawakula hongo ile.

Lipo pia suala la idhini. Imam Nawawi katika Minhaj ameandika kuwa ni makuruhu kwenda vitani bila idhini ya Imam au naibu wake. Makuruhu, si haramu, tuwe waadilifu. Wengi wa wakubwa wa Tabora walikuwa Ibadhi, nao pia wana masharti yao juu ya amri ya kiongozi. Itasemwa kwamba Liwali Said bin Salim Al-Lamki alikuwepo, naye ni mtu wa Sultani. Ndiyo, lakini wakili havuki mipaka ya uwakala wake, na liwali aliwekwa kusimamia mambo ya wafanyabiashara. Sayyid Barghash alituma askari baadaye, moto ulipokwisha kuwaka.

Na hao wanaosema Uislamu dhidi ya ukafiri, watufahamishe Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe alikuwa nani. Yeye ndiye mshirika mkubwa wa Waarabu, na hakuwa Mwislamu.

Nia inaonekana katika biashara. Pembe zilikuwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na mali iliyozinunua ilikopwa Unguja kwa matajiri kama Tharia Topan. Njia ikifungwa, deni halingoji. Tena walikuwa na mfano nyuma yao: Mtemi Manua Sera alipotaka ushuru wa bidhaa zao walimwondoa, wakamweka Mkasiwa, na mwaka 1865 Manua Sera akauawa. Kufaulu kule, kwa maoni yetu, ndiko kulikowaponza. Walidhani kila mtemi huondolewa vivyo hivyo.

Gharama ilikuja haraka. Kijana Soud, mtoto wa Said bin Majid, aliiteka Wilyankuru, akawa anarudi na watu wake wamejitwisha pembe, nguo na mateka. Mirambo alikuwa amelala majanini kando ya njia. Soud akauawa pamoja na Waarabu waliokuwa naye, na waliobaki Zimbizo wakakimbia ovyo hadi Mfuto. Msomaji atakumbuka wapiga mishale wa Uhud, mwaka wa 3 Hijria, walioacha mlima kwa ajili ya ngawira. Wale walikuwa na Mtume (s.a.w.), na bado wakaadhibika.

Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora mwenyewe. Hapa hukumu inageuka, kwani adui akiingia mjini kujitetea ni fardhi kwa kila awezaye. Khamis bin Abdallah alitoka na watu wapatao themanini, wakamkimbia, akauawa na vijana wake. Wengi waliopiga kura ya vita walibaki ndani ya matembe yao wakichungulia, na karibu robo ya mji ikaungua. Tunamwombea Khamis rehema. Siku hiyo alikuwa mlinzi wa mji, ingawa siku kumi na nane kabla yake alikuwa mvamizi.

Vita viliendelea takriban miaka minne. Stanley alizunguka kusini kwa njia ya Ukonongo ili afike Ujiji, na misafara mingine ikateseka vivyo hivyo. Mwisho wakapatana na Mirambo, naye akabaki na nchi yake na njia yake mpaka alipofariki Desemba 1884. Tippu Tip, ambaye baba yake alioa kwa Mtemi Fundikira na kukaa Ituru karibu na Tabora, alipopita na pembe zake miaka ya 1880 alipatana naye kwa maneno na zawadi. Mzigo ukafika pwani.