Mpaka Mti Mzima

Fundi hakuanza na tezo wala msumeno. Alianza na mpini wa nyundo. Alitega sikio karibu na ubavu wa mashua, akagonga, akasikiliza, akasogea shubiri moja, akagonga tena. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, kama mlango uliobishwa na mgeni mwenye haraka. Ubao uliooza haujibu. Nyundo huangukia pale kama imeangukia godoro. Akazunguka hivyo kutoka omo hadi tezi, kipande cha mkaa mkononi, na kila palipokosa jibu akatia alama. Nilikuwa nimemwita kwa ajili ya ubao mmoja. Alipomaliza nilihesabu alama 31.

Mashua hii ilijengwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo katika kisiwa cha Lamu, na haikujengwa kubeba mchanga wala boriti. Babu aliiagizia mashindano. Urefu wake ni dhiraa 18, yaani mita 8 na kidogo, kiuno chembamba, omo imenyooka kupasua maji. Mbao zake ni nyembamba kuliko za mashua ya uvuvi ya kadiri hiyo, na tanga lake ni kubwa kuliko mwili wake. Chombo kama hicho hakiendi peke yake. Upepo ukishika, vijana hukimbilia upande wa joshi, upepo unakotoka, wakajipanga juu ya ubao unaotokeza nje ya chombo, miili yao ikining'inia juu ya maji ili mashua isilale. Farumi yake, yaani uzito wa kuituliza, ni viroba vya mchanga, na kila inapobisha lazima viroba vihamishwe upande wa pili kwa mkono, upesi, wakati foromali, mti unaobeba tanga, inapitishwa mbele ya mlingoti. Nikiwa mtoto nilikuwa nikisimama ukingoni na kuona chombo chenye kasi. Sasa nikitazama ubavu huu ulio wazi naona nguvu zilikokuwa zikipita: kila mvuto wa tanga ulishuka kwenye mlingoti, ukaingia mkukuni, uti wa mgongo wa chombo, ukasambaa katika mataruma, mbavu zake, ukaishia kwenye misumari.

Hata hivyo mashindano siyo yaliyoiua. Iliuawa na mapumziko. Babu alipofariki ilipandishwa pwani, ikakaa miaka 9 chini ya mwembe, na sisi tuliokuwa mbali tukadhani kwamba imehifadhiwa. Maji ya chumvi huulinda mti; maji ya mvua huuozesha. Kila masika mvua iliingia, ikatuama ngamani, chini kabisa ya chombo, majani ya mwembe yakaziba tundu la kutolea maji, na jua la kaskazi likapasua viungo kwa juu. Wahenga waliosema kwamba ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani bila shaka walikuwa wamewahi kufua maji. Ngamani ndiko tulikorejea sisi pia.

Ubao wa kwanza ulipong'olewa, taruma la nyuma yake lilitoka nao, laini kama mkate uliolowa chai. Fundi akalichokoa kwa ncha ya patasi, akaenda juu, akaenda chini, akatikisa kichwa. "Hatuyafika," akasema kwa Kiamu chake, maana yake hatujaufikia mti mzima. Neno hilo nililisikia mara nyingi mno kuanzia siku ile. Kanuni yake ilikuwa hiyo moja tu: uozo unaufuata mpaka uishe, halafu unakata shubiri nzima ndani ya mti mzima, na hapo ndipo unapounga. Ukiunga mti mpya na mti unaoelekea kuoza umeupa uozo chakula.

Kwa hiyo ubao mmoja ukawa mbao 4, mbao 4 zikadai mataruma 11, na mataruma yalipotoka tukaona mkuku. Mimi nilikuwa nimeomba likizo ya wiki 3 kazini Mombasa. Usiku nilikuwa nikipiga hesabu ya fedha kwenye daftari, na kila asubuhi hesabu ile ilikuwa imekufa. Nilimwambia, "Ami, kazi hii inakua kila siku." Hakuacha kuchonga. Akajibu kwamba kazi ni ileile iliyokuwepo siku aliyozunguka na nyundo. Iliyokuwa ndogo ni habari yangu juu yake. Sijapata maelezo bora zaidi ya ufundi. Asiyeujua huona fundi akiongeza kazi, kumbe anakataa tu kuifunika.

Nilianza kuelewa siku aliponiwekea msumari mmoja kiganjani. Kichwa chake kizima, kimechongwa pembe nne. Ncha yake nzima, bado inachoma. Lakini katikati, mahali hasa ubao unapokutana na taruma, chuma kilikuwa kimeliwa kikawa chembamba kama sindano ya kushonea viatu. Kwa nje usingejua lolote: ungeona vichwa vya misumari vimepangika vizuri chini ya rangi. Mahali pale pa makutano ndipo maji hukaa, chuma kikashika kutu, kutu ikavimba na kuubonyeza mti, mti ukaoza, ukazidi kunywa maji. Mitepe, vyombo vya kale vya pwani hii hii, haikuwa na ugonjwa huo, kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba wa mnazi, bila msumari hata mmoja. Nayo ilikuwa na deni lake: kamba huchoka, na mtepe ulipaswa kushonwa upya mara kwa mara katika uhai wake wote. Mabaharia wa zamani hawakutarajia chombo kimalizike.

Kazi iliyonishika moyo zaidi ilikuwa kulinda umbo. Hapakuwa na mchoro, wala haukuwahi kuwepo. Kasi ya mashua ile imo katika mpindo wa mbao zake chini ya maji, na mpindo huo ulitoka machoni mwa mtu aliyekwisha kufa. Ukitoa mataruma yote kwa pamoja, mbao hulegea, chombo kikafunguka kama kikapu, na utakachojenga baadaye kitakuwa chombo kingine chenye jina lilelile. Fundi alitoa taruma moja, akaacha la pili, akatoa la tatu. Mapya yalipokaa ndipo akarudi kuyafuata yale aliyoyaruka. Kabla ya kung'oa chochote alikaza kamba kutoka ubavu hadi ubavu, akachomeka vigingi mchangani kila upande, na kila asubuhi, kabla hata ya chai, akapita kwa shubiri yake kupima kama chombo kimehama usiku. Kisha alisimama nyuma ya tezi, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Nilijifunza kutomsemesha wakati huo.

Taruma zuri halikatwi kupinda. Hutafutwa limepinda tayari. Nyuzi za mti zikifuata mpindo, taruma hubeba mzigo. Ukilichonga kutoka ubao ulionyooka, nyuzi hukatika na litapasuka siku ya upepo. Alikuwa na waya laini aliouminya ndani ya chombo ukashika umbo la kila taruma, akauchukua begani kwenda kuulinganisha na matawi na mizizi. Tulikaa siku 4 tukitafuta mti wa taruma moja la karibu na omo. Mbao zilikuwa shida ya namna nyingine. Mbambakofi, mti ambao wazee wa Lamu huusifu kuliko yote kwa vyombo, umekuwa adimu na ghali. Pwani ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini haikatwi kiholela, na Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mafundi wengi walibaki mikono mitupu. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyonifanya niitazame Flipflopi kwa heshima, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, chini ya fundi Ali Skanda, likasafiri hadi Unguja mwaka 2019. Mikono iliyolijenga ni ya shule hii hii ya tezo na jicho.

Mtu mmoja aliyenitakia mema alinishauri tupake faiba juu ya mbao zote, kazi iishe kwa siku 5. Chombo kingeng'aa. Lakini mti hunywa na kukauka, huvimba na kusinyaa, na faiba haifuati; unyevu uliobaki ndani ungefungiwa humo na kuula mti gizani. Nilimweleza fundi shauri hilo nikitegemea atakasirika. Alisema tu kwamba yeye hapendi kugonga mahali pasipoweza kumjibu.

Tulikosa bamvua mara mbili. Chombo cha namna hii hushuka maji makuu tu, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na ukichelewa siku mbili tatu bahari inarudi nyuma, ukangoja wiki 2 nyingine. Mwezi ndio uliokuwa bosi wetu, na haukuwa na haraka. Likizo yangu ilikwisha zamani; nikawa naja Ijumaa usiku kwa basi na kurudi Jumapili.

Kalafati ilinikuta nikiwepo, na nashukuru. Fundi alisokota pamba iliyotiwa mafuta ya nazi, akaipachika kwenye kiungo cha mbao, akaishindilia kwa patasi butu. Nyundo mwanzoni hutoa sauti nzito, ya kitu kilichojaa hewa. Pamba inaposhiba sauti hupanda, hupanda, mpaka mahali fulani mlio unakuwa wa kengele, na hapo mkono husimama. Ukizidisha hapo unazitenganisha mbao. Nilijaribu dhiraa moja mwenyewe. Fundi alikuwa mbali, ananoa tezo na kunipa mgongo, akasema, "Imetosha hapo, mwanangu." Alikuwa amesikia. Mchezo mzima wa nyundo ulikuwa ni ule wa siku ya kwanza, wa kuuliza na kungoja jibu.

Baada ya hapo mengine yalikwenda upesi: sifa, mafuta ya papa, juu ya mbao za nje, harufu iliyonikaa nguoni hadi Mombasa, deheni ya shahamu na chokaa chini ya mstari wa maji, iwazuie wadudu wanaotoboa mti. Tanga lilishonwa na mzee mwingine, dasi ikapigwa pembeni, na hilo lingetosha insha yake.

Tuliishusha alfajiri ya bamvua, juu ya magogo, watu 20 na kamba mbili. Ilipogusa maji ikaanza kuvuja kila mahali. Niliogopa, fundi akaketi ndani, maji yakimfika vifundoni, akawasha sigara. Mbao zilizokaa nchi kavu zina kiu, na hunywa kwanza kabla ya kufunga. Tuliiacha imejaa nusu kwa siku 2. Siku ya tatu tukafua maji, tukangoja saa nzima, akashuka ngamani akapitisha kiganja chote juu ya viungo, kimoja baada ya kingine, kutoka omo mpaka tezi. Kiganja kilitoka kikavu.

Jioni yake tukaitoa mkondoni kuelekea Shela, upepo wa wastani, vijana 6 juu ya ubao wa joshi. Ilipokaza tanga ililala kidogo, ikasimama, halafu ikaondoka kama ilivyokuwa ikiondoka nikiwa mtoto, na chini ya miguu yangu nilisikia maji yakipita nje ya mbao, membamba, ya haraka. Nilimtazama fundi nikitaka kujua kama naye ameyasikia. Yeye alikuwa ametazama juu. Tulipobisha mara ya pili foromali ilikuwa imetoa mlio mfupi mahali fulani juu ya kamba ya henza, na sikio lake lilikuwa huko. Tangu wiki ile tunatafuta mti wa foromali, mwepesi, usio na kifundo, wa pima 6.