Mfuata Nyuki na Nyayo za Wakubwa

Wahenga walinena kuwa mfuata nyuki hakosi asali. Waogiek wa msitu wa Mau, walio mafundi wa asali tangu kale, wanajua kwamba methali hii ina sharti lake: nyuki lazima aonekane. Siku hizi kuna fundisho linalodai kumfuata nyuki asiyeonekana, nalo huwafikia vijana wa Nakuru, Njoro na Gilgil katika simu zao. Yafaa tulipime kama tupimavyo kitabu: linasema nini, na linathibitisha nini?

Lasema hivi. Bei ya sarafu za kidijitali, kama bitcoin iliyoanza Januari 2009, haipandi wala haishuki ovyo. Mabenki na mifuko mikubwa huisukuma, na kila yanapoisukuma huacha nyayo katika mchoro wa bei. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta mahali wakubwa walipoweka maagizo yao, pengo ambalo bei iliruka kwa kasi, na mtego unaowanasa wadogo kabla bei haijageuka. Akizisoma nyayo hizo, ataingia sokoni pamoja na wakubwa na kutoka pamoja nao.

Fikira hii si ngeni. Mmarekani Richard Wyckoff, aliyefariki mwaka 1934, aliwataka wanafunzi wake walitazame soko la hisa kana kwamba linaendeshwa na mtu mmoja mwenye nguvu. Wala si uongo mtupu. Mkulima wa mahindi wa Rongai ajua kwamba Bodi ya Nafaka na Mazao ikitangaza bei yake, madalali nao huipima upya yao. Hali kadhalika, Januari 2024 Marekani iliruhusu mifuko inayoshika bitcoin iuzwe katika masoko ya hisa, na fedha nyingi za mashirika zikaingia humo.

Walakini, bodi hutangaza kwa kinywa chake, na mchoro wa bei hausemi ni nani aliyenunua. Alama moja yaweza kuwa jumla ya maelfu ya watu wasiojuana, nalo fundisho huiona kuwa nia ya mtu mmoja. Hiyo ni kasoro ya kwanza.

Ya pili ni kubwa zaidi: fundisho hili halikubali kushindwa. Bei ikienda kama lilivyotabiri, nyayo zilisomwa vyema. Ikienda kinyume, wakubwa walitega mtego. Neno lenye jibu kwa kila tokeo halikutabiri kitu.

Ya tatu, lawadhania wenye fedha kuwa werevu daima. Soko la sarafu liitwalo FTX lilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 32 Januari 2022. Novemba mwaka uo huo likafilisika, na mifuko mashuhuri iliyoweka fedha humo ikapata hasara. Aliyezifuata nyayo hizo zilimfikisha shimoni.

Mbona basi lavutia? Kwa sababu ni hadithi tamu. Ina adui aliyejificha, ina siri, na ina shujaa, naye ni msomaji mwenyewe. Humfariji aliyepoteza kwa kumwambia kuwa alihujumiwa, kisha humrudisha sokoni na karo ya mdogo wake, au mkopo wa simu, au mtaji wa mboga wa mamaye.

Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi juu ya sarafu hizi Desemba 2015, na sheria ya mwaka 2025 yazitaka kampuni za biashara hiyo ziwe na leseni. Hapana leseni ya utabiri, hata hivyo. Kipimo chake ni daftari. Kijana na aandike kabla ya tokeo: bei itakwenda wapi, na ikifika wapi atakiri kuwa amekosea. Afanye hivyo mara mia bila kutia senti, atoe gharama za kila biashara, kisha ahesabu. Mwalimu wa fundisho asiyekubali hesabu hiyo, hastahili ada.