Mpini, kifimbo na bakuli: kazi tatu za mkerezaji mgeni

Kijana anayejifunza kukereza ameweka mezani kazi zake tatu za mwanzo: mpini wa tupa, kifimbo cha kusukumia chapati na bakuli la mwembe. Mpini umetoka vizuri. Kifimbo kina mikwaruzo inayokizunguka katikati kama uzi wa parafujo. Bakuli lina bonde la ghafla upande wa ndani, karibu na ukingo, lenye kina cha milimita tatu hivi, na ukiligusa linayumba mezani. Wageni wote hulishika bakuli kwanza. Mimi nimeanza na mpini, kwa sababu alama zote zilizomo kwenye vile viwili vingine zinaelezeka kwa mambo aliyoyapatia hapo.

Katika useremala wa kawaida mbao imebanwa na randa ndiyo inayokwenda. Kwenye kukereza, mbao ndiyo inayokimbia na patasi inaingojea juu ya kiegemeo. Zamani kerezo lilivutwa kwa uta, na mafundi wa Marrakech bado wanalitumia, mkono mmoja ukivuta uta na mguu ukisaidia kuongoza patasi. Mbao huenda na kurudi, kwa hiyo makali hula katika mwendo mmoja tu na kupumzika katika ule mwingine. Mota haimpi mtu mapumziko hayo. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 5, kikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kinapita mbele ya makali kwa karibu mita 4 kila sekunde. Weka bakuli la sentimita 25 kwa kasi ileile, ukingo wake utapita kwa karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na gari la kilomita 70 kwa saa. Ndiyo maana gogo la bakuli, hasa likiwa bado halijawa duara, huanzishwa taratibu, kwenye mizunguko 500 hivi au chini yake.

Mpini ulitoka kwenye kipande cha mninga cha mraba, sentimita 4 kwa 4, urefu 20. Alichora mistari kutoka pembe hadi pembe kwenye kila kichwa cha kipande, akapata kitovu, akakitoboa kidogo kwa msumari, kisha akakibana kati ya kichwa cha mashine na mkia wake. Kabla ya kuwasha alikizungusha kwa mkono kuona kama pembe zinagusa kiegemeo. Hatua hiyo haichukui hata nusu dakika, na wanaoiruka hukumbushwa na kishindo.

Kisha ikaja bobari pana, patasi yenye mfereji. Asiyefundishwa huisukuma moja kwa moja kwenye mbao, na mbao huinyakua. Huyu alilaza kwanza mgongo wa makali, ule mteremko ulionolewa, ukawa unasugua mbao bila kukata. Halafu akainua mpini wa bobari polepole mpaka maranda membamba yakaanza kutoka. Mgongo ukiwa umeegemea mbao, makali hayawezi kuzama zaidi ya pale unapotaka. Unaposikia mkwaruzo na kuona vumbi badala ya maranda, ama umepoteza mgongo huo, ama bobari imekuwa butu. Kwa mgeni, mara nyingi ni butu. Na hapa niseme jambo kuhusu patasi zinazofuliwa kutokana na tupa kuukuu, maana zimejaa mitaani: chuma cha tupa ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae kisipopashwa moto upya kwa ustadi, na kikivunjika juu ya kiegemeo kipande chake hakichagui pa kwenda. Mgeni anunue bobari moja nzuri badala ya kurithi tano za namna hiyo.

Umbo la mpini, tumbo nene linaloteremka kuelekea shingo, lilimfundisha mwelekeo wa nyuzi za mbao. Ukate daima kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba. Chukua ufagio wa chelewa, uukate kwa mshazari: ukishuka na mteremko, kila uchelewa una wenzake wa kuukinga kwa chini, ukipanda, kisu kinainua ncha zisizo na pa kuegemea, nazo zinachanika. Kwenye shingo ya mpini hakuna mchaniko hata mmoja. Mwisho alivisha pete aliyoikata kwenye bomba la shaba, akiwa amepunguza ncha ya mbao kidogo kidogo na kuipima kila mara, hadi pete ikaingia kwa kugongwa. Bila pete hiyo, mkia wa tupa ungeupasua mpini siku ya kwanza.

Kifimbo kinaonekana rahisi kuliko mpini, nacho ni kigumu zaidi. Kina urefu wa sentimita 40, mara mbili ya mpini, na kimeshikwa kwenye ncha tu. Kwa unene uleule, urefu ukiongezeka mara mbili, msukumo uleule hukipinda kipande mara nane zaidi. Katikati mbao ilikwepa makali, ikarudi, ikakwepa tena, na kila kurudi kukaacha mkwaruzo. Dawa ni kunoa upya, kupunguza nguvu ya mkono, na kuweka vidole nyuma ya mbao, kwa wepesi, viipokee inapotaka kukwepa. Yeye alikimbilia msasa. Msasa ulipunguza mikwaruzo bila kuifuta, ukachimba kibonde pale ulipokaa muda mrefu. Kwenye mpini kibonde kama hicho kingepita kama sehemu ya umbo, lakini chapati itakionyesha, maana unga utabaki mnene palepale. Amekipaka nta ya nyuki, na hapo hana kosa. Mafuta ya kupikia ya kawaida hayakauki kwenye mbao na huweza kuchacha.

Sasa bakuli. Hapa nyuzi hazifuati mhimili wa mashine, zinaukata. Katika kila mzunguko makali hukutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na vichwa vyake mara mbili. Kanuni ya mpini inageuka: nje unakata kutoka kitako kwenda ukingoni, wembamba kuelekea unene, ndani unatoka ukingoni kwenda katikati. Hilo alilifuata. Bonde lilitokana na sekunde ya kuingia. Ukingoni, mgongo wa makali bado hauna pa kulala, kwa hiyo mfereji wa bobari lazima utazame pembeni na ncha iingie kwanza. Wake ulitazama juu. Bawa la bobari, yaani upande wa makali yake, likaguswa kabla ya ncha, mbao ikalivuta chini, likachimba.

Kuyumba kuna sababu nyingine. Mwembe ulikuwa mbichi. Mbao ikikauka husinyaa kufuata duara la pete zake takriban mara mbili kuliko kuelekea kwenye moyo wa mti, basi bakuli la duara hugeuka yai na kitako kupinda. Wakerezaji huacha ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo, hulikausha kwa miezi, kisha hulirudisha kwenye mashine. Yeye alimaliza kwa siku moja.

Uchaguzi wa mwembe, hata hivyo, ninausifu. Haumchoshi mgeni. Mpingo, unaozama majini, ungemnyima raha ya kuona maranda, na vumbi la mvule huwasha pua na ngozi za wengi. Barakoa na kinga ya uso zivaliwe kwa mbao yoyote. Glavu zivuliwe, mikono ya shati ikunjwe, na ncha ya lemba au kitenge ifungwe mbali na mashine.

Bakuli linaokoleka. Bado lina kikuku chini ambacho taya nne za mashine zinaweza kukishika, baada ya kukisawazisha kwa sababu nacho kimekuwa yai. Ukuta kando ya bonde una milimita 12, hivyo penye bonde zimebaki 9. Lipimwe uzito kila wiki. Litakapoacha kupungua limekauka. Hapo ukingo ushushwe sentimita moja, bonde liondoke pamoja nao, na mfereji wa bobari utazame pembeni wakati wa kuingia.