Jahazi Lililorudishwa Sur: Sifa Zake na Kasoro Moja

Mji wa Sur uko pwani ya mashariki ya Oman, na kando ya ghuba yake kuna jahazi kubwa la mbao lililosimama nchi kavu. Jina lake Fatah al-Khair. Sisi wa Juba hatuhitaji mkalimani hapo, Kiarabu cha sokoni kinatosha: kufunguka kwa kheri. Sijafika Sur. Jahazi hili nililiona kwenye simu, Jumamosi moja nikiwa na kikundi changu cha vijana, tukitafuta picha za vyombo vya zamani kwa zoezi la kuandika. Wote walilipenda. Kisha msichana mmoja akauliza, "Ticha, sasa hii inaendaga wapi?" Nikamwambia haiendi popote, imewekwa itazamwe. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi si wangeiacha tu huko ilikokuwa?"

Sikubaliani naye, lakini nilishindwa kumjibu siku ile. Ninajaribu kumjibu hapa, kwa sababu naona swali lake linatuhusu hata sisi ambao bahari tunaiona kwenye ramani tu.

Tuanze na sifa. Fatah al-Khair liliundwa hapo hapo Sur mwaka 1951. Ni chombo cha aina ya ghanja, chenye urefu wa zaidi ya mita 20. Ghanja unaijua kwa tezi yake iliyochongwa nakshi, na kwa omo yake ambayo kichwani ina pambo la majani matatu. Vyombo vya Sur vilikuwa vikishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar vikiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, vikangoja kusi, vikarudi na boriti za mikoko za kujengea nyumba. Wazee wengi wa Sur wanazungumza Kiswahili kwa sababu ya safari hizo.

Biashara ile ilikufa kwa mapigo kadhaa. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliwafungia mabaharia hao mlango mmoja mkubwa. Oman ikaanza kuuza mafuta nje mwaka 1967, na baada ya 1970 zikaja barabara, malori na meli za injini. Jahazi la tanga likawa mzigo kwa mwenyewe. Fatah al-Khair likauzwa, likaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur waliamua kulirudisha. Wakachangishana fedha, wakalinunua, wakalileta nyumbani, likatengenezwa na kusimamishwa pale lilipo leo.

Hapo kwenye kuchangishana ndipo penye sifa kubwa ya kazi hii. Watu wa Sur hawakungoja mtu wa mbali aje kuwaambia kwamba chombo chao kina thamani. Walikuwa wameshakiuza, maana yake walikuwa wameshakikosea, kisha wakakubali kulipa ili kurekebisha kosa hilo. Mtu anayetoa pesa yake mfukoni kwa ajili ya mbao kuukuu lazima aulizane na jirani yake: tunaitaka ya nini? Mazungumzo hayo yenyewe ni sehemu ya ukarabati. Nimeona miradi mingi ya utamaduni ambayo ina bajeti na bango lakini swali hilo halikuulizwa hata siku moja.

Sasa kasoro. Jahazi la mbao ni kitu kinachoishi kwa kutengenezwa. Likiwa majini, mbao zinakunywa maji, zinavimba, na viungo vinabana. Kila msimu linapandishwa pwani: fundi kalafati anaziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, na chini linapakwa deheni, yaani chokaa iliyokorogwa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasilitoboe. Kwa hiyo jahazi linalosafiri linawalazimisha watu wajue kazi. Ufa ukiachwa, maji yanaingia, na nahodha anamtafuta fundi usiku huo huo. Jahazi lililo nchi kavu halimlazimishi mtu. Jua linazikausha mbao, viungo vinafunguka, lakini hakuna anayelowa. Unaweza kulipaka rangi kila mwaka likapendeza, na huku fundi wa mwisho anazeeka nyumbani kwake bila mwanafunzi.

Ili nisiwaonee watu wa Sur, niseme kwamba mji wao una karakana ya kuunda majahazi ambayo wageni huizuru hadi leo. Ufundi haukufa kabisa. Kasoro ninayoisema ni hii: jahazi linalosifiwa ni lile lililosimama, wakati kinachostahili sifa ya kwanza ni ile karakana.

Wako wengine waliolijaribu jambo hili kwa njia tofauti. Zanzibar walijaribu na mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili hasa, Wabajuni wa visiwa vya Lamu wakisifika kwa kuuunda. Haukuwa na misumari: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Hakuna hata mmoja wa zamani uliobaki mzima; makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa, yana mifano midogo tu. Basi mwaka 2003 ukashonwa mtepe mpya wa ukubwa wa kweli, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe. Kazi hii inaishinda ya Sur kwa jambo moja: ilibidi mikono ijifunze upya namna ya kushona mbao. Lakini nayo ikaishia chini ya paa. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo la Beit al-Ajaib ikaporomoka, watu wawili wakafa. Tunaposema kitu kimehifadhiwa kwa sababu kiko makumbusho, tuikumbuke siku hiyo. Jengo pia linataka fundi.

Njia nyingine ni ya Lamu. Mwaka 2018 mafundi wa huko wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza kuunda Flipflopi, jahazi la mita 9, si kwa mbao bali kwa plastiki iliyokusanywa takatakani na ufuoni, likafunikwa kwa vipande vya ndala zilizotupwa. Mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mtu anayependa vitu vya asili atasema hilo si jahazi, ni plastiki. Nami nilisema hivyo mwanzoni. Lakini ukiangalia vizuri, kilichohifadhiwa hapo ni kile kile tulichodhani kimepotea: fundi kujua mkuku ulale vipi, mataruma yapinde kiasi gani, tanga lishike upepo. Mbao imeondoka, ujuzi umebaki, na chombo kinakwenda. Kwangu mimi, hilo ndilo karibu zaidi na jibu la yule msichana.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana mhakiki hodari wa watu wa mbali. Lakini kuna mtumbwi.

Mwaka jana kituo chetu kilipewa mtumbwi mkuukuu uliochongwa kwa gogo moja, mali ya mzee mvuvi wa upande wa Gondokoro. Ulikuwa umepasuka ubavuni. Mimi ndiye niliyependekeza tuuweke mlangoni, tuupake rangi na kupanda maua ndani yake, uwe pambo la Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Wazo lilipita bila mtu kupinga. Wageni walipiga picha sana, na kwenye hotuba mmoja wetu alisema mwacha asili ni mtumwa, tukapiga makofi. Mzee naye alikuja. Aliuzunguka mtumbwi, akaingiza kidole kwenye ule ufa chini ya rangi, akaniambia, "Mwanangu, hii ilikuwa kazi ya siku mbili." Basi. Hakulalamika. Siku hizi anavua kwa mtumbwi wa kuazima, na samaki anagawana na mwenye mtumbwi.

Pesa ya rangi na maua ingetosha kununua vifaa vya kuziba ule ufa. Vijana kumi wangekaa naye siku mbili wakaona inavyofanywa. Sisi tukachagua pambo, kwa sababu pambo linaonekana kwenye ripoti. Kwa hiyo ninapowaambia watu wa Sur kwamba chombo chao kimesimama, wao wangeweza kuniambia, wewe wako umeutia udongo.

Kuna jingine ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa naandika. Wengi wetu tuliorudi Juba kutoka Kakuma tulipokelewa kama lile jahazi. Kulikuwa na ngoma, picha na fulana. Kisha tukakaa. Nilikuwa na cheti cha sekondari kwenye bahasha, na kwa miezi mingi hakuna aliyeniuliza ninaweza kufanya nini. Walikuwa wananiuliza najisikiaje kuwa nyumbani. Nadhani yule msichana alilielewa hilo haraka kuliko mimi, maana na yeye alizaliwa kambini.

Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili. Hapana, wasingeliacha Yemen. Watu wa Sur walifanya vizuri kulifuata, na ningependa kila jamii iliyopoteza kitu iwe na moyo huo. Ila kurudisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumkalisha kijana karibu na fundi wakati fundi bado ana nguvu, hata kama kitakachotoka ni kibaya machoni, hata kama ni cha plastiki.

Kwa ndugu zetu wa mashirika wanaosoma haya: mkipanga sherehe ya Juni ijayo, kabla ya kukodi mahema ya maonyesho, waulizeni wazee kambini ni nani anajua kutengeneza nini, na anahitaji vifaa gani. Kwa wenzangu wa kituo: Jumamosi hii tunayatoa maua. Nimeshaongea na mzee. Amesema atakuja kuangalia kama gogo halijaoza, na kama limeoza atatuonyesha jinsi ya kuchagua lingine.