Kabini ya kamyo haiko nganda

Kwenye ukurasa huu tunazoea kuchambua vitabu, nyimbo, filamu, na mara moja moja hotuba za wakubwa. Leo naomba tuchambue kazi ya mukono yenye tunaona kila mangaribi kwenye parkingi za makamyo, kutoka Goma mupaka Butembo, na yenye hakuna mutu anaiandikia hata mustari moja. Ni ile kabini yenye fundi ametosha ampuli za kiwanda kwenye tabulo na ndani ya mabutoni, akaweka LED za rangi. Bulu, zambarau, kijani kikali, wakati ingine zote pamoja.

Kati yetu wenye lisansi kuko makundi mbili. Wamoja wanacheka: "Ni kiburi ya mashofere." Wengine wanapiga picha, wanaweka kwenye statu, wanaandika chini: "Dubai." Makundi yote mbili hayachambue kitu. Kuchambua ni kuuliza: kitu hiki kilitengenezwa juu ya kazi gani, na kinaitumika vizuri ao vibaya?

Nasema mawazo yangu tangu mwanzo, mutu asinitafute kule mbele. Mingi kati ya kabini hizi ni kazi mbaya. Ubaya wake hautoke kwa kupenda rangi. Unatoka kwa kusahau kama tabulo ni chombo cha kusoma usiku. Lakini kuko zenye ni kazi nzuri kabisa, kushinda hata ya kiwanda, na nitasema moja.

Juu ya nini agronome anajiingiza mambo ya makamyo? Juu kilimo chetu kinatembea ndani ya makamyo. Viazi vya Masereka, maharagi, kabichi, mbegu zenye sisi wenyewe tunasindikiza mupaka kwenye mashamba: vyote vinapita mukononi mwa shofere mwenye anaendesha usiku. Na juu ya gunia kunakuwa mama muuzaji, konvoyere, wakati ingine mwanafunzi mwenye anarudi masomoni. Kama shofere anakawia kuona mutu ao shimo, si yeye peke mwenye analipa.

Kwanza tutoe heshima fasi inastahili. Ampuli ya zamani ni kauzi kembamba kenye kanapata moto mupaka kanaangaza. Nguvu yake mingi inaenda bure kuwa joto, plastiki ya pembeni inakuwa manjano, na kauzi kenyewe hakapendi kutikiswa. Sasa fikiri barabara zetu. LED haina kauzi; inavumilia mashimo kushinda ampuli. Ile peke ni sababu ya kutosha ya kubadilisha. Tena, kabini ni nyumba ya shofere. Anakula mule, analala mule, anangojea makaratasi ya duane kule Kasindi siku mingi. Mutu mwenye kuishi ndani ya nyumba ya meta mbili ana haki ya kuipamba. Majina ya watoto juu ya kioo, maua ya plastiki, vitambaa vya nyuzi: hiyo yote ni sanaa yetu, na LED imeingia katika mustari ule ule.

Lakini kuko sababu moja yenye mafundi wanapenda kutoa, na haina uzito: kwamba LED inaponyesha batri. Tuhesabu. Ampuli ndogo ya tabulo ina wati 1,2. Weka kumi, ni wati 12. Taa moja kubwa ya mbele ya kamyo ya volti 24 inakula wati 70 hivi, na zinakuwa mbili. Feza ya batri hailindwe kwenye tabulo. Kwa hiyo tuseme ukweli: tunabadilisha juu ya kudumu na juu ya uzuri. Uzuri ni sababu ya haki. Hauhitaji kuvaa nguo ya uchumi.

Sasa, juu ya nini bulu? Jibu liko ndani ya historia. LED ya kwanza ya kuonekana na macho, ya Nick Holonyak, ilitokea mwaka wa 1962, na ilikuwa nyekundu. Bulu yenye nguvu ilikawia miaka makumi tatu hivi, mupaka 1993, wakati Shuji Nakamura aliifikia kule Japani ndani ya kiwanda cha Nichia. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipata Nobel ya fizika mwaka wa 2014 juu ya kazi hiyo. Kwa hiyo bulu iliingia duniani kama rangi ya kitu kipya na cha bei. Mwisho wa miaka ya 1990, Volkswagen iliweka bulu kwenye tabulo za magari yake, na mishale myekundu. BMW yenyewe ilibakia miaka na miaka na rangi ya machungwa. Kila mutu mwenye alitaka gari yake ifanane na ya kisasa alifuata bulu. Shofere wetu hakukosa akili. Alisoma alama za wakati wake.

Shida ni kama jicho la mutu halikubadilika mwaka wa 1993. Ndani ya jicho kuko chembe za muchana, zenye zinaona rangi, na chembe za usiku, zenye zinaona mwangaza kidogo. Chembe za usiku zinasikia sana rangi yenye iko kati ya bulu na kijani, karibu na nanometa 500, na karibu hazisikie nyekundu ya mbali. Zinahitaji dakika 20 mupaka 30 ndani ya giza ili ziamuke vizuri. Shofere hafike mule kabisa, juu taa zake mwenyewe zinaangaza barabara, lakini kila mwangaza wa bulu wenye unamupiga usoni unamurudisha nyuma. Ndiyo maana wanamaji na marubani walizoea taa nyekundu kwa kazi za usiku. Kuongeza pale: katikati kabisa ya jicho, fasi tunasomea, chembe za kuona bulu karibu hazimo, na jicho linashindwa kushika bulu na rangi zingine sawasawa kwa wakati moja. Hii inaeleza kitu chenye kila mutu ameona: namba za bulu zinaonekana kama zimevaa ukungu. Na kwa shofere muzee, lenzi ya jicho imeanza kuchafuka, ukungu unaongezeka.

Hapa wanafunzi wa agronomia mutanielewa haraka. Tabulo mingi za zamani zina filtre ya kijani mbele ya ampuli nyeupe. Filtre ile ni kama jani: inaachilia kijani, inameza zingine. Chukua jani la muhindi, uliangazie na bulu peke ndani ya giza. Linakuwa karibu jeusi, juu klorofili inameza bulu. Sasa fundi anaweka LED ya bulu nyuma ya filtre ya kijani, anashangaa namba hazionekane, anachukua LED yenye nguvu zaidi, kisha anachukua wembe na kukwangua filtre. Matokeo: namba moja inawaka kama jua, ya pembeni yake imezimika, na mistari ya wembe inaonekana kila usiku. Kama ingekuwa kitabu tungesema muandishi hakusoma karatasi yenye anaandikia.

Somo lingine linatoka kwenye serre za mimea. Wenye kulima ndani ya nyumba walianza na LED nyekundu na bulu, juu klorofili inakula sana rangi hizo mbili. Mimea ilikuwa muzuri, chumba chote zambarau. Lakini mulimaji aliingia akashindwa kujua jani gani ni la manjano na jani gani ni zima, juu chini ya zambarau rangi zinadanganya. Ugonjwa ulikuwa pale, mbele ya macho, na hauonekane. Wengi wamerudilia mwangaza mweupe ili waweze kuchunguza mimea yao.

Kabini ya zambarau ina ugonjwa ule ule. Rangi za tabulo haziko mapambo, ziko luga. Nyekundu inasema: simama, kuko hatari. Manjano inasema: angalia, rekebisha mbele ya kuendelea. Kijani inasema: kitu hiki kinatumika. Bulu ndogo inasema taa ndefu zinawaka, unamupofusha mwenzako. Luga hiyo ni moja kwa Fuso, kwa Hino, kwa Mercedes, kwa Howo, ili shofere asijifunze upya kila akibadilisha kamyo. Sasa ukipaka tabulo yote nyekundu, taa nyekundu ya mafuta ya motere itasema na nani? Ukipaka yote bulu, alama ya taa ndefu inapotea ndani, na mwenye anakuja mbele yako ndiye ataumia. Kufuta luga juu ya pambo, kwangu, ni kosa kubwa la sanaa hii.

Kuko hata fasi moja yenye rangi inaleta shida ya kweli ya umeme. Kwenye makamyo mingi ya zamani, ile ampuli yenye alama ya batri inafanya kazi mbili: inaonya, na inapitisha umeme kidogo wenye unaamusha alternateri. LED inapitisha kidogo sana. Fundi akiibadilisha bila kuweka rezistansi ya pembeni, alternateri inaweza kukatala kuamuka mupaka motere ipigwe mbio, ao isiamuke kabisa. Shofere anaona tabulo yake inangaa muzuri, na batri inakufa polepole. Tena makamyo makubwa mingi yako na volti 24, LED ya gari ndogo ya volti 12 ikiingizwa mule inaungua mbio, na mutu anaanza kusema "LED za siku hizi ni za bandia."

Nilisema kuko kazi nzuri. Niliiona ndani ya Fuso moja yenye ilibeba mbegu zetu za viazi. Mwenyewe aliweka rangi ya machungwa, ya chini, kwenye namba zote. Mwangaza ulikuwa sawa kutoka konteri ya mbio mupaka ya mazuti. Ndani ya mabutoni aliweka kadoti kamoja kadogo kwa kila moja, kiasi cha kuona fasi ya kidole, si zaidi. Taa za kuonya hakuzigusa hata moja. Bulu alikuwa nayo pia, maana aliipenda: aliweka mustari murefu nyuma ya viti, fasi ya kulala, na swichi yake mbali. Akiendesha, inazimwa. Akifika, anaiwasha, na kabini inakuwa nyumba. Hakuna kitu alijikatalia. Alijua tu saa gani kabini ni fasi ya kazi, na saa gani ni fasi ya kupumuzika.

Najua jibu lenye litakuja: "Shofere ana miaka 15 ndani ya njia, wewe na lisansi yako utamufundisha nini?" Ni jibu la haki, na halitoshe. Miaka 15 inafundisha barabara. Haimuonyeshe shofere chembe za jicho lake. Na macho yanazoea mwangaza mubaya bila kusema kama yanaona kidogo. Mutu hajue kitu chenye hakuona. Sisi tulisoma mwangaza, klorofili, filtre, urefu wa mawimbi, tukaandika ndani ya mutihani na kusahau. Kama elimu ile haiwezi kushuka mupaka kwenye kabini ya kamyo yenye inabeba viazi vyetu, ilikuwa ya kazi gani? Si lazima tumufundishe shofere. Tunaweza kumuletea namna ya kujaribu, halafu macho yake mwenyewe yaamue.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa fundi, fanyeni hivi pamoja na shofere. Ngojeni usiku, kamyo isimame fasi kuko giza. Washa tabulo, uangalie kioo cha mbele: kama unasoma namba ndani ya kioo, mwangaza umezidi. Zungusha buto ya kupunguza: kama haipunguze kitu, ama inazima yote mara moja, LED zile hazipatane na kamyo ile. Fungua kontakti bila kuwasha motere: taa za kuonya zinapashwa kuwaka, kila moja na rangi yake, na mutu mwenye anaketi pembeni aweze kuzitaja bila kusukuma kichwa mbele. Kisha washa motere, upime batri na volitimetre: kwa kamyo ya volti 24 yenye inachaji vizuri utaona karibu 27 ao 28. Fundi muzuri hataogopa jaribu hili, linamaliza dakika kumi. Mwenye analikataa, mulipe bei ya ampuli peke. Ya kazi abakie nayo deni.